Una Mitupo Mitatu: Hotuba kwa Wasichana Warusha Mkuki, Malindi

Asalaamu alaykum, na hamjambo nyote. Walimu wa michezo, wazazi, mama zetu mliowasindikiza mabinti, na nyinyi wenyewe wanangu, hasa mliotoka Lamu, mkavuka hadi Mokowe kukiwa bado giza na kupanda basi la Witu na Garsen: karibuni Malindi. Hatutasema sana, maana upepo wa kusi hupanda mchana na tunataka tuwe uwanjani kabla haujakaza.

Jambo tulilokuja nalo ni hili. Katika mashindano ya dunia ya vijana walio chini ya miaka 20, msichana anayerusha mkuki hupewa mitupo mitatu ya mchujo. Mitatu, basi. Wasichana hugawanywa makundi mawili, kila mmoja anarusha mara tatu, na waliofikia kiwango kilichowekwa wanaingia fainali moja kwa moja. Wakipungua kumi na wawili, nafasi zinajazwa na waliowafuata kwa umbali. Kwenye fainali wote kumi na wawili wanarusha mara tatu tena, halafu walio bora wanaongezewa mingine hadi mitatu. Kwa hiyo mshindi hurusha mara sita siku ya fainali, na aliyeshindwa kwenye mchujo amesafiri bara zima kuja kurusha mara tatu. Sasa tazameni mazoezi yetu ya huku. Mtoto anarusha mara hamsini jioni moja, thelathini ni mibaya, na anarudi nyumbani akisema leo nimefanya kazi. Mwili wake umejifunza kwamba mtupo mbaya hauna gharama. Akifika kule, gharama yake ni theluthi moja ya mashindano.

Mashindano yenyewe yalianza Athens mwaka 1986, na Agosti 2021 yalikuja kwetu, Kasarani. Mkuki wa wasichana ulichukuliwa na Adriana Vilagoš wa Serbia, umri wake miaka 17, kwa mita 61.46. Mwaka uliofuata, Cali nchini Kolombia, akashinda tena kwa mita 63.52. Mwaka 2024 Mchina Yan Ziyi, mwenye miaka 15, alirusha mita 64.28 huko Chengdu. Hayo ni masafa ambayo wanawake wengi wazima hawayafikii. Tunayataja ili mjue ukubwa wa mlima, siyo kuwatisha. Na Afrika haikukaa nyuma: Sunette Viljoen wa Afrika Kusini alirusha mita 69.35 mwaka 2012 na akapata medali ya fedha Rio mwaka 2016. Huku nyumbani tunaye Julius Yego, bingwa wa dunia wa mwaka 2015 kwa mita 92.72. Anayesema Mkenya ni wa kukimbia tu, huyo hakuutazama mwaka ule.

Tuanze na umri na uzito, kwa sababu hapa ndipo shule nyingi zinapokosea mapema. Msichana aliye chini ya miaka 18 anarusha mkuki wa gramu 500, wenye urefu wa mita 2.00 hadi 2.10. Akiingia kundi la chini ya miaka 20 anashika mkuki wa gramu 600, urefu mita 2.20 hadi 2.30, na huo ndio huo wanaorusha wanawake wazima mpaka Olimpiki. Hakuna daraja la katikati. Umri unahesabiwa kwa tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano: siku hiyo uwe hujafikisha miaka 20, na kwa mashindano ya dunia uwe umeshatimiza 16. Shuleni mara nyingi mkuki ni mmoja tu, wa gramu 600 au hata ule wa wavulana, na mtoto wa miaka 13 anapewa huo huo. Matokeo yake ni kwamba mkono unashindwa kuuinua, kiwiko kinashuka chini ya bega, na anajifunza kuusukuma kwa pembeni. Tabia hiyo ukija kuitoa akiwa na miaka 17 itakuchukua msimu mzima. Kama hakuna mkuki mwepesi, afadhali arushe mpira mdogo mzito au fimbo ya mwanzi iliyonyooka. Mwanzi haupimwi kwa mita. Kazi yake ni kufundisha mkono njia.

Sasa mtupo wenyewe. Tutasema kwa anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Mshiko ni juu ya kamba iliyozungushwa katikati ya mkuki, hakuna pengine panaporuhusiwa, na ni kwa mkono mmoja. Mkuki ulale mshazari kwenye kiganja kilichoelekea juu, na kidole kimoja kikae nyuma ya ukingo wa kamba, ama cha kati ama cha shahada, kwa sababu hapo ndipo unapousukuma. Wapo wanaoupitisha katikati ya vidole hivyo viwili. Chagua wa kwako, uache kubadilisha kila wiki. Kosa tunaloliona ni kukaza ngumi: misuli ya mkono inakakamaa hadi begani, na mkuki unatoka ukitetemeka mkia.

Mbio zina sehemu mbili. Kwanza hatua sita hadi nane za kukimbia mbele, mkuki juu ya bega, ncha ikielekea mbele au imeinama kidogo. Kisha hatua tano za kukimbia kiubavu, mkuki ukiwa umevutwa nyuma na mkono umenyooka. Kwa msichana wa umri wenu jumla yake ni karibu mita 20. Njia ya kukimbilia haipungui mita 30 na upana wake ni mita 4, kwa hiyo nafasi ipo. Pimeni kwa futi ya utepe, siyo kwa macho: anzeni kwenye tao, ule mstari wa kupinda mwishoni mwa njia, mkirudi nyuma, mguu wa mwisho uwe mita 1.5 hadi 2 kabla ya mstari, halafu hatua tano, halafu mbio. Andikeni namba hizo kwenye daftari. Kwenye mashindano mnaruhusiwa kuweka alama pembeni mwa njia, na anayejua namba zake anaziweka kwa dakika moja. Asiyejua anahangaika na nyayo huku waamuzi wanamtazama.

Unapouvuta mkuki nyuma, jambo la kuangalia ni ncha. Ikae karibu na jicho au nyusi ya kulia, na kiganja kiwe usawa wa bega au juu kidogo. Mkono ukishuka, ncha inapanda angani. Wasichana wengi wakipata kasi mkono unashuka bila wao kujua, kwa hiyo mwalimu asimame ubavuni, siyo nyuma. Nyuma huoni kitu.

Tufike sasa kwenye hatua mbili za mwisho, na hapa mtuvumilie, kwa sababu mita zenu nyingi zimelala hapa.

Ili mkuki wa gramu 600 ufike mita 60, unapaswa kutoka mkononi kwa takriban mita 24 kwa sekunde, yaani kama kilomita 86 kwa saa. Mbio zenyewe zinakupa karibu mita 5 kwa sekunde, basi. Nyingine zote zitoke wapi? Si kwenye msuli wa mkono. Mkono wa msichana wa miaka 18 hauna nguvu hiyo, wala wa mwanamume. Zinatoka kwenye kusimamisha sehemu ya chini ya mwili kwa ghafla, ili ya juu iendelee. Mliokulia baharini mnajua mashua ikikwama fungu la mchanga ikiwa na kasi: chombo kinasimama papo hapo, na aliyesimama juu anakwenda mbele. Mguu wa kushoto wa mwisho ndio fungu lenyewe. Tunauita mguu wa breki.

Hatua ya kabla ya mwisho iwe ndefu na ya chini. Unajisukuma na mguu wa kushoto, unatua kwa mguu wa kulia, goti la kulia limekunjwa kidogo, mwili umeegemea nyuma kidogo, mabega bado yako kiubavu. Usiruke juu. Ukiruka juu utatua mzito, goti la kulia litazama, na kasi yote uliyokuja nayo imekufa hapo. Kisha mguu wa kushoto ufike upesi. Upesi hasa! Usingoje mguu wa kulia umalize kutua. Wa kushoto uwe tayari hewani ukienda mbele. Hatua hii ya mwisho ni fupi kuliko iliyotangulia, kisigino kinagusa kwanza, na goti limenyooka. Mguu ule ukishagusa, goti lisikunjike. Nyonga ya kulia inazunguka kwenda mbele, kifua kinafuata, kiwiko kinafuata, kiganja kinakuja cha mwisho kikipita juu ya sikio.

Goti la breki likikunjika, mwili mzima unazama na kupita juu ya mguu, na mkuki unatoka chini na polepole. Kwa macho ya watazamaji ni mtupo mzuri, kwa sababu binti amemaliza mbele kabisa, karibu na tao, anahema. Kwa futi ya kupimia zimepotea mita tano au zaidi. Na kwa nini goti linakunjika? Mara nyingi si udhaifu wa mguu, ni kasi iliyozidi. Anakimbia kama wa mita mia, miguu haiwezi kumsimamisha. Punguza mbio hadi kasi ambayo goti linaweza kuihimili, kisha ipandishe kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi.

Hapa niseme neno kwa ndugu zetu wa Lamu. Mchanga wa Shela ni mzuri kwa kuruka, kwa mbio fupi, na kwa kurusha mpira wa kilo moja kwa mikono miwili toka juu ya kichwa. Kwa mguu wa breki haufai. Kisigino kinazama, goti linakunjika lenyewe, na ukifanya hivyo miezi mitatu umejifundisha kosa kwa bidii. Tafuteni kipande cha ardhi ngumu au nyasi fupi, hata mita 15, na viatu vinavyoshika kisigino. Njumu za mpira zinatosha kwa mazoezi ya nyasi. Siku ya kushindana kwenye tatani, ile njia iliyotandikwa mpira wa kiwandani, misumari ya viatu vya mkuki haizidi milimita 12, na itakaguliwa.

Pembe ya kutoka ni kati ya nyuzi 32 na 36. Lakini pembe peke yake haitoshi: ncha ielekee kule kule mkuki unakokwenda. Mkono ukiupeleka nyuzi 34 na ncha ikatazama nyuzi 50, mkuki utasimama hewani, utapungua kasi, na utatua kwa tumbo au kwa mkia. Na hilo linatupeleka kwa waamuzi.

Kanuni inataka kichwa cha chuma kiguse ardhi kabla ya sehemu nyingine yoyote. Si lazima mkuki uchomeke. Wengi hudhani hivyo, hata walimu. Ncha ikigusa kwanza kisha mkuki ukalala, mtupo ni halali. Mkia ukigusa kwanza, bendera nyekundu. Vilevile ni nyekundu ukiangusha ncha nje ya mistari miwili ya eneo la kuangukia, na mstari wenyewe unahesabiwa kuwa nje. Eneo hilo lina nyuzi 28.96 tu. Namba inaonekana ya ajabu, lakini uchoraji wake ni rahisi: toka kwenye kitovu cha tao, ambacho kiko mita 8 nyuma ya tao lenyewe, ukipima mita 20 kwenye kila mstari, kati ya mistari ni mita 10. Kwa mita 50 ni 25. Walimu mnaweza kulichora kwa kamba na chokaa, na tunawaomba mlichore, kwa sababu msichana aliyezoea uwanja mtupu hajui kwamba mitupo yake huenda kushoto. Mitupo ya kushoto karibu yote ina chanzo kimoja: bega la kushoto limefunguka mapema na kichwa kimeanguka upande huo. Mkono wa kushoto ukunjwe na ubanwe kwenye ubavu wakati wa kurusha, usipepee nje.

Usikanyage tao wala mistari ya pembeni. Usigeuke ukalipa tao mgongo baada ya kuanza mbio. Mkuki upite juu ya bega au sehemu ya juu ya mkono, si wa kuzungushwa. Na usitoke kwenye njia kabla mkuki haujatua; ukitoka, toka nyuma. Kosa hili la mwisho linauma kuliko yote. Binti amerusha vizuri, anafurahi, anaruka mbele kushangilia, mguu unavuka tao. Umekwisha.

Tukirudi kwenye mitatu yetu. Ushauri wetu, na wako makocha wasiokubaliana nasi, ni kwamba mtupo wa kwanza uwe wa kupata namba: mbio zile zile, lakini nguvu ya asilimia 90, na mguu wa breki usimame mita 2 kamili kabla ya tao. Binti mwenye namba kwenye ubao anakimbia tofauti na asiye nayo. Wa pili aachie vyote. Wa tatu atengeneze kosa moja tu aliloliona kwenye wa pili, asijaribu kurekebisha manne. Wakilingana umbali, unatazamwa mtupo wa pili kwa ubora, kwa hiyo hata ule unaoudharau una thamani.

Saa ya kurusha ni dakika moja toka unapoitwa. Ni ndefu kuliko inavyodhaniwa, hakuna haja ya kukimbilia mkuki. Kinachotesa ni kungoja. Kundi likiwa na wasichana 15, kati ya mtupo wako mmoja na mwingine kuna kama dakika 15 hadi 20. Kabla ya hapo umekaa kwenye chumba cha kuitiwa, mwili ukapoa. Ukishaingia unapewa mitupo ya majaribio michache, kwa zamu, na mashindano yakianza hakuna tena kugusa mkuki nje ya zamu yako. Kwa hiyo fanyeni hivi mara moja kwa wiki, kuanzia wiki nane kabla ya mashindano: binti apashe mwili moto, akae kivulini dakika 20, arushe majaribio mawili, kisha mitupo mitatu yenye bendera na kipimo, dakika 15 katikati ya kila mmoja. Halafu basi, jioni imekwisha, hata kama yote mitatu ni nyekundu. Atalia, hasa mara ya kwanza. Mwacheni. Dakika zile 15 ajifunze kuzitumia: avae suruali ya joto, atembee, afanye hatua tano bila mkuki mara mbili au tatu, anywe maji kidogo, na zamu tatu kabla yake aanze kuamsha bega.

Simu haziingii uwanjani. Kocha anakaa jukwaani, upande wa karibu, na anaruhusiwa kusema nawe au kukuonyesha video aliyoirekodi huko huko juu. Kelele zikiwa nyingi humsikii, basi kubalianeni ishara tatu: ya mkono umeshuka, ya goti, na ya kurudisha alama nyuma nusu futi. Zaidi ya tatu utachanganyikiwa.

Mikuki kwenye rafu si sawa yote. Watengenezaji huandika juu yake masafa iliyokusudiwa, 50, 60, 70. Ule wa 70 ni mgumu, haupindiki, na unamsaidia aliye na kasi ya masafa hayo tu. Anayerusha mita 45 akiushika, kosa dogo la mkono linakuwa kubwa, na mkuki unatua mita tatu nyuma ya alipozoea. Chukua wa 50, na usione haya kwamba jirani yako kashika wa 70. Ukiruhusiwa kuleta wako, utapimwa na kuwekwa rafuni, na mwingine yeyote anaweza kuurusha. Usigombane naye.

Upepo wa kusi tuutumie, maana Agosti, mwezi wa mashindano haya mara nyingi, ndio uko juu. Ukivuma usoni, punguza pembe kuelekea nyuzi 30 na uifanye ncha itazame chini kidogo kuliko kawaida, la sivyo upepo unaingia chini ya mkuki na kuuinua ncha. Ukivuma mgongoni, pandisha kuelekea 36 au kidogo zaidi; mkuki wenye ncha butu hufanya vizuri hapo. Msizoee kurusha upande mmoja tu wa uwanja kwa sababu ndio wenye kivuli. Wiki hii rusheni kuelekea kaskazini, wiki ijayo mgeuke.

Jasho la pwani linateleza. Chaki au ulimbo mkononi unaruhusiwa, glavu haziruhusiwi. Plasta kwenye vidole sawa, ila usifunge viwili pamoja, na umwonyeshe mwamuzi mapema. Kwa mabinti wanaovaa hijabu, ambayo inakubalika: iwe ya michezo, inayobana, na ncha zake ziingie ndani ya fulana. Mkuki unapita vidole vinne kutoka sikioni. Kitambaa kinachopepea kinanaswa na kamba ya mshiko, na hata kisiponaswa, msichana anayekiogopa anaupeleka mkono mbali na kichwa, kiwiko kinashuka. Aizoee kwenye mazoezi, asiivae kwa mara ya kwanza siku ya mashindano, na rangi yake aulizwe msimamizi wa timu kabla ya safari.

Kiwiko. Maumivu ya ndani ya kiwiko, upande wa ubavu, si ya kuvumilia. Kwa wasichana ambao mifupa bado inakua, pale kano inaposhika mfupa ni dhaifu kuliko kano yenyewe, na kurusha juu ya maumivu kunaweza kuumega. Aache kurusha, apelekwe kwa daktari. Miguu iendelee na mazoezi. Mgongo wa chini ni hivyo hivyo. Kwa aliye chini ya miaka 18, mitupo ya mbio kamili 12 hadi 15 kwa siku, siku mbili kwa wiki zilizoachana, inatosha. Nyingine iwe ya hatua tatu, ya mpira, ya kusimama. Na wasiache michezo mingine. Haruka Kitaguchi wa Japani, bingwa wa Olimpiki wa Paris 2024 kwa mita 65.80, utotoni alikuwa akiogelea na kucheza badminton. Mwaka 2015 alishinda mkuki kwenye mashindano ya dunia ya vijana wadogo. Kuogelea hapa kwetu ni bure.

La mwisho ni usalama, na hili halina mjadala. Mkuki unabebwa wima, ncha chini. Hakuna kukimbia nao kwenda kuuchukua wala kurudi nao. Anayeuchomoa ardhini asimame pembeni, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye kichwa cha chuma, autoe kwa mstari ule ule ulioingilia, na kabla ya kuvuta atazame nyuma: mkia uko usawa wa jicho la mtu, na mkia nao hujeruhi kama ncha. Hakuna anayerusha mpaka wote wamerudi nyuma ya tao. Kwenye viwanja vyetu mbuzi hupita, na watoto hufuata mpira popote, basi mwalimu mmoja asimame kule mbali na kitambaa chekundu, kazi yake iwe hiyo tu.

Walio chini ya miaka 18, mikuki yenu ya gramu 500 iko upande wa lango. Wakubwa nendeni chini ya mwarobaini. Leo kila mmoja ana mitupo mitatu. Kuna bendera, kuna futi, na kuna mtu wa kuandika. Ahsanteni, twendeni.